Fundi Aliyebandikwa Ukutani

Siku hizi kila binti mwenye simu ni mwanamitindo. Avae, ajipige picha, aitupe huko mitandaoni, watu wampigie makofi. Sina ugomvi nao, wapendeze, ujana wenyewe mfupi. Ila wakija kuniambia kwamba wao ndio walioanza kuvaa wanavyotaka, eti bibi zao walikaa wamejikunyata wakisubiri ruhusa, hapo nawaambia kaeni chini msinichefue. Sisi Tukuyu tulikuwa na Fundi.

Alizaliwa wapi na nani, hayo sitayaeleza. Mwenyewe ukimuuliza alikujibu, "Kwani unataka kuniposa?" na cherehani ikaendelea. Mimi nilikuwa msusi, naye alikuwa fundi wa nguo, na baraza letu lilikuwa moja karibu na soko. Baba yangu aliletwa Tukuyu na biashara ya vitambaa, akajenga, akazeeka hapo. Sisi ni Waislamu wa mjini, na tangu nivunje ungo sijatoka nje bila ushungi. Watu walidhani mwanamke kama mimi na mwanamke kama yule tutagombana kabla ya mwezi kuandama. Wakangoja. Wamezeeka wakingoja.

Mtu asiyeijua Tukuyu hawezi kumwelewa Fundi, kwa sababu hawezi kuelewa mvua. Kwetu mvua haiji, inakaa. Tope ni lako asubuhi, mchana na jioni, na kila mtu anavaa kwa kulikwepa: gambuti, koti lolote, kitenge cha pili juu ya cha kwanza, basi. Fundi alishuka kutoka kwake Kisondela na gambuti kama wengine, lakini kikapuni alibeba viatu vyeupe vyenye kisigino, vimefungwa kwenye taulo. Akifika barazani anakaa, anafuta miguu, anavaa vyeupe, na gambuti zinaenda chini ya meza. Kanisani vilevile, alibadilishia mlangoni, watu wakimpita. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Akasema, "Tope ni la barabara, mama Zuhura. Mimi si barabara."

Alivaa suruali. Nalisema mapema kwa sababu ndilo wengine wanalolikumbuka peke yake, kama vile hakuwa na kichwa wala mikono. Suruali za kitambaa, zimenyooshwa hadi mstari wa mbele unaweza kukukata, na juu yake koti refu jekundu alilolishona kutoka makoti mawili ya kiume. Kofia aliivaa upande. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni, na hata akienda msibani alisahau kuivua.

Zilikuwa enzi za ruksa. Kabla yake tulikuwa tunavaa kilicholetwa. Kikija kitambaa cha maua ya bluu, kata nzima maua ya bluu, ukienda harusini utadhani umekuta kwaya. Halafu milango ikafunguliwa na marobota ya mitumba yakaanza kupanda kutoka Dar. Siku ya kufungua robota sokoni watu walipigana vikumbo kutafuta sweta la mtoto, koti la baridi. Fundi yeye aliingiza mkono ndani ya nguo kwanza. Alitafuta bitana. Alitafuta vifungo. Likoti kubwa la kutosha watu wawili, ambalo hakuna aliyelitaka, alilichukua, akalifumua lote, akalilaza mezani vipande vipande, na baada ya wiki linatoka gauni la mke wa mwalimu lililowafanya walimu wengine waambiwe maneno nyumbani.

Hakuwa mtu mpole, msije mkadhani nasifia malaika. Mteja wangu akitoka kufanywa kalikiti, nywele zinang'aa, lazima apite mbele ya cherehani. Fundi anamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kimya, mpaka mwenyewe anaanza kulionea haya gauni lake. Nimegombana naye kwa hilo mara nyingi, aliniharibia furaha za watu. Ukimwambia, "Umependeza, Fundi," anajibu, "Najua." Poda aliichukia, alisema inachafua kola. Na yeye huyohuyo wa suruali alikataa katakata kumshonea suruali binti yeyote ambaye mama yake hajaja kusimama pale na kusema ndiyo. "Mimi nimeivaa nikiwa na ubavu wa kuisemea," alisema. "Huyu bado ananyonya."

Mchungaji alimwita akamwambia kwamba maandiko yanakataza mwanamke kuvaa vazi la mwanamume. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, maana aliheshimu kanisa na sauti yake ya kwanza ilikuwa ndiyo kwaya yenyewe. Halafu akasema, "Baba mchungaji, hii nimeikata kwa nyonga zangu. Tafuta mwanamume anayeenea humu, leo hii namvulia." Mchungaji akacheka bila kupenda, na mtu akishacheka hawezi tena kukufukuza vizuri.

Sasa sikilizeni mambo yake, maana ndipo nilipomshangaa.

Wanyakyusa wana desturi ya mke kumwepuka baba wa mumewe. Wanaiita ukutila. Mkwe hakuoni uso, nawe humwoni; ukimwona anakuja njiani unatoka njia; jina lake hulitaji, wala nyumbani mwake huingii. Si chuki, ni heshima yao. Na Fundi, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akimpisha mtu, aliishika desturi hiyo kuliko wanawake wote niliowajua. Siku moja tunapanda pamoja kwenda Kisondela, ananisimulia jambo kwa sauti kubwa, mara nikageuka sikumwona. Alikuwa ndani ya mtaro, kofia kavua, khanga kajitanda gubigubi, mgongo kaupa barabara, na viatu vyeupe vimo kikapuni. Mzee mmoja mrefu mwenye fimbo akapita, macho mbele, hata hakututazama. Alipopotelea kwenye migomba Fundi akatoka kwenye mtaro ana majani kichwani.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Wewe! Mchungaji humwogopi, mkuu wa wilaya humwogopi, unamkimbia babu wa watu?"

"Sijakimbia," akasema, anajipangusa. "Mwizi ndiye anayekimbia. Mimi namheshimu baba wa mume wangu. Kwani nani kawaambia ninyi kwamba mtu mwenye suruali hana wakwe?"

Mumewe alikuwa amefariki zamani. Alizikwa palepale shambani, katikati ya migomba, na nyuma ya kaburi kulikuwa na kipande cha chai. Hapo ndipo Fundi alipoishi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alitegemea kwamba atamrithi mjane pamoja na shamba, kama ilivyokuwa zamani. Fundi akamwambia asante shemeji, mimi nimeshaolewa mara moja inatosha. Kuanzia siku hiyo yule bwana alikuwa anatafuta sababu.

Sababu aliletewa na gazeti.

Ilikuwa kipindi ambacho magazeti ya watu binafsi yalianza kuzagaa, yale ya kila wiki yenye picha kubwa na maneno makali, na mashindano ya urembo yaliyokuwa yamefungiwa yakarudi. Mji wetu nao haukutaka kubaki nyuma. Wafanyabiashara wakaandaa maonyesho ya mavazi pale ukumbini, Jumamosi mchana, jukwaa la mbao juu ya kreti za bia. Nguo zote alishona Fundi. Nywele zote nilitengeneza mimi. Mabinti walitembea wakitetemeka kwa baridi na kwa woga, watu wakapiga kelele, na mwisho wake mwendesha shughuli akasema fundi mwenyewe apande. Akapanda. Suti nyeupe, suruali imemkaa utadhani amezaliwa nayo, kofia pana. Hakutabasamu wala kupunga mkono. Alisimama tu, akawatazama kama anavyowatazama wateja wangu, na ukumbi mzima ukasimama. Jamani, nililia, na sioni haya kusema.

Mwandishi wa gazeti alikuwepo, ametoka Mbeya. Gazeti lilipofika na basi, picha ilijaza ukurasa, na juu yake wameandika: BIBI WA TUKUYU AVAA SURUALI, AWAFUNIKA WAJUKUU. Bibi! Alikuwa na miaka arobaini na kidogo. Alikata maneno yale kwa mkasi wa kitambaa, akayatupa jikoni kwangu, picha akaitundika juu ya cherehani. "Sura ni yangu," akasema. "Maneno ni yao, wayachukue."

Sasa huko Kisondela yule mzee, mkwe wake, nyumba yake ilikuwa ya zamani na upepo ulipenya, kwa hiyo alikuwa na kawaida ya kubandika magazeti ukutani kwa uji wa muhogo. Kusoma hajui, yeye alichagua picha. Dukani wakimfungia sukari kwenye gazeti, aliinyoosha karatasi, akaitazama, ikimpendeza inapanda ukutani. Akafungiwa sukari na ule ukurasa. Akautazama sana, walisema waliokuwepo. Akasema, "Huyu mama amevaa kama mtu." Akaupaka uji, akaubandika mbele kabisa ya kigoda chake, mahali pa kuutazama akila.

Alikuwa hajawahi kumwona mke wa mwanawe uso. Miaka yote ile. Angemjuaje?

Picha ilikaa, mzee akila nayo, mpaka binti yake mkubwa, wifi yake Fundi, alipokuja kumjulia hali. Aliinua macho akaona, akaangusha bakuli. "Tata! Unakula na mkwe wako!"

Wee! Habari zile zilifika Tukuyu kabla ya jua kuzama. Wengine walicheka, wengine walishika vichwa, na shemeji akaitisha kikao cha ukoo. Madai yake yakaletwa barazani kwetu na mtu: mwanamke huyu amemvunjia mzee heshima, ameupeleka uso wake mpaka mezani kwake. Aache suruali, afunge cherehani, arudi akae kama wajane wenzake. Akikataa, migomba na chai virudi kwa ukoo, naye aondoke.

Nilimwona Fundi akiishusha futi shingoni akaikunja. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo mchana.

"Mama Zuhura," akasema, "kesho funga saluni. Nahitaji mdomo."

Maana mzee angekuwepo kikaoni, na mbele yake Fundi hawezi kuonekana wala kusikika. Ilibidi akae nyuma ya jiko na mtu ampelekee maneno. Nikamwambia achukue mtu wa kwao, mimi hata Kinyakyusa changu ni cha sokoni. Akakataa. "Wa kwetu watayatia maji. Wewe peleka kama ulivyopewa."

Tukaenda kwa miguu, mvua ile ya manyunyu. Nilitegemea kwamba siku hiyo atavaa gauni. Alivaa suruali, na khanga mbili za kujitanda. Akakaa kwenye gogo nyuma ya jiko, nje ya ua wa mzee, na msidhani hakuogopa. Aliogopa sana. Mikono ya yule fundi, iliyokuwa ikikata kitambaa bila chaki, aliificha chini ya mapaja.

Wazee walikaa kibarazani, mkwe kwenye kigoda chake. Shemeji akasimama akasema yake yote, na akaongeza kwamba mwanamke wa magazetini si mwanamke wa ukoo. Nikaenda nyuma ya jiko nikayasema. Nikarudi na jibu.

"Anasema yeye hajakanyaga ua wa mzee. Gazeti halikumuuliza linakwenda wapi. Na aliyembandika ukutani si yeye."

Mzee mmoja akakohoa ili asicheke. Shemeji akanikemea: "Wewe mwanamke, mambo haya si yako."

"Si yangu," nikamwambia. "Mimi ni mdomo. Ukitaka kugombana, gombana na mwenyewe, yuko nyuma ya jiko."

Nikaenda tena. Safari hii Fundi alifikiri kwanza. Nikarudi nikasema kama nilivyopewa: "Anasema uso umeonekana, na yeye ni mke wa ukoo huu, hawezi kuikana desturi. Atatoa ng'ombe kumwomba mzee radhi, na atamtoa kwa moyo mweupe. Lakini suruali haimo katika kosa hili. Desturi ya hapa haiijui suruali, basi itamkatazaje? Cherehani hafungi. Na shambani hatoki. Mume wake yuko pale. Anauliza nyinyi mlio hapa, ni nani kati yenu amewahi kumfagilia kaburi?"

Neno la mwisho alinipa huku analia, nami nililifikisha kwa sauti kavu, kwa sababu aliniomba nisiwaonyeshe machozi yake.

Mzee akageuza fimbo mkononi. Kisha akasema, na hakusema na mimi, alisema na paa: "Ng'ombe nitampokea. Ile karatasi nikiibandua itachanika, na siwezi kumchana uso mke wa mwanangu. Leteni khanga muitundike mbele yake."

"Na shamba, tata?" Shemeji hakuweza kuvumilia.

"Shamba la nani?"

"La marehemu."

"Marehemu alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye."

"Sasa unaniuliza nini?"

Shemeji akajaribu mara ya mwisho. "Na hiyo suruali, tata? Anavaa suruali!"

Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nitajuaje anavaa nini? Nimewahi kumtazama?"

Wazee wakaangua kicheko, kikao kikavunjika. Nilikimbia nyuma ya jiko nimeshika baibui juu, sikuwa na adabu tena. Fundi aliposikia akajifunika khanga uso mzima. Alipojifunua akaniambia, "Pindo lako limejaa tope, mama Zuhura. Hujui kutembea." Ndiyo asante niliyopewa.

Ng'ombe alipelekwa, na alikuwa ng'ombe mzuri. Yule mwandishi aliposikia kisa akarudi mbio na kamera, anataka habari ya mkwe na ukuta. Fundi akamwambia picha apige, ya nguo, hata kumi. "Ya ukweni kwangu hutaandika. Kaandike ya kwenu." Alimsimamia mpaka akapanda basi.

Nilihamia Mbeya kwa binti yangu nilipoanza kuumwa magoti. Mara ya mwisho kumwona Fundi nilikwenda kwa bodaboda mpaka Kisondela, maana niliambiwa anaumwa na hashuki tena mjini. Mzee mkwe alikuwa ameshazikwa muda mrefu. Shemeji ndiye sasa mkubwa wa ukoo, na Fundi akifa, neno la wapi azikwe na azikweje litakuwa lake.

Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, amekonda hadi nikashika mlango. Mwilini alikuwa na suti mpya ya kijivu, imeshikizwa kwa pini, bado haijapigwa cherehani.

"Ugonile, mama Zuhura. Usinikumbatie, utachomwa."

"Unamshonea nani suti?"

"Aliyeivaa."

Tulikuwa hatujaanza hata kuulizana habari za watoto, mara hodi, na shemeji akaingia. Naye amezeeka, anatembea amejipinda, ameleta mkungu wa ndizi kama anavyomletea mgonjwa mtu yeyote wa ukoo. Akaitazama ile suti.

"Ya sikukuu hiyo, shemeji?"

"Ya kuzikwa," Fundi akasema. "Hapo kwa ndugu yako, ubavuni mwake, na suruali yangu. Una neno?"

Nilishusha macho. Niliyajua maneno ya yule bwana, niliwahi kuyabeba. Nje mvua ilianza tena juu ya migomba, na yeye akahamishia mkungu wake mkono wa pili.

"Sina neno," akasema.

"Kama huna, weka ndizi chini unisaidie. Huyu magoti hayakunjiki, na mimi nikiinama naanguka."

Akamtupia futi. Mkubwa wa ukoo akavua kofia, akapiga magoti polepole kwenye sakafu, akaishika ncha ya futi kwenye kifundo cha mguu wa Fundi.

"Kaza, shemeji," Fundi akamwambia. "Sitaki kwenda nikipwaya."

Akakaza.